Mitutu Miwili Machoni pa Watu

Bunduki ya marisawa, yaani inayotupa vichembe vingi vidogo kwa mlio mmoja, yenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu, hasa ya Kiingereza iliyoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, haipiti mbele ya watu wa Nairobi kimyakimya. Ukiitoa kwenye mkoba wake katika uwanja wa shabaha, mmoja atacheka, mwingine atarudi nyuma hatua mbili, wa tatu atauliza inauzwa pesa ngapi. Katika kuzitumia na kuzitunza nimeona jambo moja likijirudia: watu huiogopa pasipo na hatari, na huiamini pale penye hatari yenyewe. Kubishana nao hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwaonyesha kitu chenyewe, kwa kidole, hadi wakione.

Swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Mzee, hii bado inalia?" Anayeuliza anadhani bunduki ni ya kizamani kwa sababu ni ya babu. Ukweli ni kwamba mashine yake haijabadilika sana hadi leo. Mfaransa Casimir Lefaucheux ndiye aliyeleta bunduki ya kufunguka na kulishwa kwa nyuma katika miaka ya 1830, ikaonekana kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851, na mafundi wa Uingereza wakaichukua. Mwaka 1875 Anson na Deeley, wakifanya kazi kwenye kiwanda cha bunduki cha Westley Richards kule Birmingham, walibuni mashine ambayo nyundo zake zimefichwa ndani na hujikoki mitutu inapoinama. Ukinunua leo bunduki mpya ya ubavu kwa ubavu ya bei ya kawaida, uwezekano mkubwa ni kwamba ndani yake umo ubunifu huohuo. Vipande vinavyocheza ni vichache, na vinavyochoka zaidi ni springi na pini. Kwa hiyo umri peke yake hauniambii lolote. Iko bunduki ya 1910 iliyo nzima kabisa, na iko ya 1985 isiyofaa kuwekwa katriji.

Anayeletewa bunduki ya marehemu na kuulizwa kama inafaa, asianzie kwenye nakshi wala jina la mtengenezaji. Aifungue, ahakikishe chemba zote mbili, yaani matundu ya nyuma ya mitutu yanayopokea katriji, ni tupu, aondoe kishikio cha mbele cha mbao, kisha atenganishe mitutu na mwili. Aishike mitutu kwa ile ndoano iliyo chini yake, ining'inie bila kuguswa, halafu aigonge kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hutoa mlio mrefu, safi. Sauti ikiwa butu, ule utepe wa chuma unaoiunganisha umeachia ulehemu mahali fulani. Maji na mafuta machafu hujipenyeza humo na kula chuma kwa siri, na siku ukigundua, ukuta wa mtutu umekwisha kuliwa.

Kisha atazame ndani ya kila mtutu akiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Duara za kivuli zinatakiwa zikae sawa mwanzo hadi mwisho. Zikivunjika mahali, hapo pana kibonyeo. Vishimo vya kutu hutisha zaidi vikiwa karibu na chemba, kwa sababu hapo ndipo shinikizo la moto wa baruti huwa kubwa kupita kote. Unene wa ukuta haupimwi kwa macho. Hupimwa kwa geji maalumu, na mafundi wa Uingereza huchukulia inchi 0.020, yaani nusu milimita hivi, kuwa kiwango cha chini cha kuvumilika katika sehemu ya mbele ya mtutu. Bunduki nyingi nzuri zimepunguzwa mno na mafundi waliosugua kutu mara kwa mara wakitaka ndani ing'ae. Mteja hufurahia mng'ao huo, na hiyo ndiyo imani potofu ninayoisema: mtutu wenye madoa machache lakini mnene ni salama kuliko unaong'aa ukiwa mwembamba.

Akishamaliza, airudishe mitutu mwilini bila kile kishikio cha mbele, aifunge, ashike shingo ya kitako na kuitikisa. Isicheze hata kidogo. Aiinue dhidi ya mwanga: kati ya uso wa mwili na nyuma ya mitutu pasionekane mstari. Wenzo wa juu, ule unaoifungua bunduki, nao husema habari zake. Kwenye bunduki changa hukaa kulia kidogo ya katikati, na kadiri vifungio vinavyolika ndivyo unavyohamia kushoto. Ukishapita katikati, tafuta fundi. Bunduki inayocheza kwenye bawaba yake mara nyingi imelishwa katriji kali kuliko ilivyotengenezwa kubeba. Dawa ya kweli ni kubadilisha pini ya bawaba au kuijenga upya ndoano. Fundi wa haraka haraka atakukatia kipande cha bati la kopo akiweke kwenye ndoano, bunduki ikaze siku hiyo, nawe ulipe ukiwa umeridhika. Bati hilo litapondeka baada ya milio michache na utarudi pale pale, safari hii ukiamini kwamba ilishatengenezwa.

Chini ya mitutu, kwenye ile sehemu bapa iliyo chini ya chemba, ndipo palipo na cheti chake. London na Birmingham zina nyumba za kujaribu bunduki kwa mlio mkali kabla haijauzwa, ile ya Birmingham ikiwa imeanzishwa kwa sheria ya 1813. Tafuta muhuri unaotaja nitro, au herufi BNP chini ya taji kwa zile zilizojaribiwa Birmingham baada ya 1954. Muhuri huo unasema mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Tafuta pia urefu wa chemba. Mitutu iliyosokotwa kwa tepe za chuma na chuma cha pua, inayoitwa Damascus na yenye michoro kama ya mawimbi juu yake, watu huiogopa yote kwa pamoja. Kule Uingereza, yenye muhuri wa nitro na ukuta mnene bado hutumika. Isiyo na muhuri huo ibaki ukutani, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Sasa katriji, maana hapa ndipo ajali hutoka, na hapa ndipo hakuna anayeogopa. Bunduki ya namba 12 ina kipenyo cha milimita 18.5, namba hiyo imetokana na kwamba risasi 12 za mviringo zenye kipenyo hicho, za madini ya risasi matupu, hutimiza ratili moja. Za Kiingereza za zamani nyingi zina chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65. Katriji nyingi za leo ni za milimita 70. Kipimo hicho ni cha ganda likiwa limeshafunguka baada ya kulia. Kabla ya kulia, mdomo wake umekunjwa na urefu wake ni kama milimita 58, kwa hiyo huingia kwenye chemba ya 65 bila kikwazo na bunduki hufunga kama kawaida. Mtu husema, "Si imeingia?" Imeingia, ndiyo. Ila ikilia, mkunjo unafunguka na kuingia kwenye koo la mtutu, njia ya marisawa inakuwa nyembamba, na shinikizo linapanda juu ya kile ambacho mitutu ilijaribiwa kubeba. Mara nyingi haitapasuka siku hiyo. Itachosha bawaba, itapasua mbao nyuma ya mwili wa chuma, na mwenyewe atasema bunduki za zamani ni dhaifu. Tumia katriji za 65, au za 67 zilizoandikwa kwenye boksi kwamba zinafaa chemba ya 65, zenye gramu 28 au 30 za marisawa. Marisawa ya chuma cha pua usiyaweke humo kabisa. Hayabonyei kama ya risasi, na mtutu mwembamba wenye mdomo uliobanwa utaumia.

Liko pia kosa la namba 20. Katriji ya namba 20 ikitumbukizwa kwenye chemba ya namba 12, huteleza mbele na kukwama kwenye koo. Ukichungulia kwa haraka unaona chemba tupu, unaweka ya namba 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzipa katriji za namba 20 ganda la njano. Kwenye mfuko wa mtu mwenye bunduki za aina mbili nyumbani, zisikutane hata mara moja.

Kuna sauti moja ambayo huwachekesha watu uwanjani. Badala ya mlio wa kawaida hutoka "puf", kama mtu anayepuliza mshumaa. Watazamaji hucheka kwamba mzee amechoka pamoja na bunduki yake, naye mpigaji kwa aibu hujaza nyingine upesi. Hapo ndipo pa kusimama kabisa. Katriji iliyokaa stoo yenye unyevu, au ya ganda la karatasi la miaka mingi, inaweza kuwasha fataki, kile kiwashio cha nyuma ya katriji, lakini baruti ikaungua nusu, na kizibo kilichomo ndani ya ganda kikabaki katikati ya mtutu. Mlio unaofuata utakutana na kizibo hicho. Fungua, toa zote mbili, tazama mwanga kupitia mitutu, na kama pana kitu kisukume kwa ufito wa kusafishia. Ikigonga na isilie kabisa, iache ikiwa imeelekea mahali salama kwa nusu dakika nzima kabla ya kuifungua, kwani fataki inaweza kuwa inachelewa. Ukaguzi huohuo wa mwanga ufanywe kila asubuhi bunduki inapotoka kabatini. Kitambaa cha kusafishia kimesahaulika ndani mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, na katika nchi hizi zetu nyigu wa udongo hujenga kwenye tundu lolote wanaloachiwa.

Wenye bunduki za nusu-otomatiki wana mtazamo wao. "Mbili tu, halafu?" Ni swali halali na lastahili jibu la kweli. Kwa kwale anayeruka kutoka miguuni mwako, risasi ya tatu kwa kawaida humkuta akiwa mbali zaidi ya mita 40, ambako marisawa hayana tena nguvu ya kuua kwa usafi. Yatamjeruhi tu, na atakwenda kufia kichakani. Mbili zinakulazimisha ungoje, na kungoja ndiko kunakopunguza ndege waliojeruhiwa.

Halafu kuna triga mbili, ambazo vijana huziona kama mzigo. Ya mbele hulia mtutu wa kulia, ya nyuma wa kushoto, na midomo ya mitutu hiyo haikubanwa sawa. Wa kulia kwa kawaida uko wazi zaidi, kwa ndege wa karibu; wa kushoto umebanwa zaidi, kwa wa mbali. Kidole kinachagua papo hapo bila swichi yoyote. Usiamini maandishi wala maneno ya muuzaji kuhusu mbano huo. Tundika karatasi ya upana wa zaidi ya mita moja, simama mita 36.5, piga, kisha chora duara la kipenyo cha sentimita 76 pale chembe zilipokusanyika zaidi. Katriji ya gramu 28 ya marisawa namba 6 ya Kiingereza ina chembe zipatazo 270. Zikiingia kama 160 ndani ya duara, mtutu huo una mbano wa nusu, asilimia 60. Zikikaribia 190 ni mbano kamili. Zikiwa 135, uko wazi na unafaa sana kwa ndege wa mita 20 hadi 30. Baada ya kuhesabu, tazama mapengo: kama kuna mahali ambapo kwale mzima angepita bila kuguswa, badilisha aina ya katriji kabla ya kulaumu bunduki. Mbano kamili kwa ndege wa mita 15 humsaga, na hutabaki na nyama ya kupeleka jikoni.

Wanaoogopa teke lake nao wana hoja, ila chanzo wanakikosea. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya marisawa inayotupa. Gramu 28 zinataka bunduki ya kilo 2.7, gramu 32 zinataka kilo 3.07, gramu 36 zinataka karibu kilo 3.5. Bunduki nyepesi ya Kiingereza ya kilo 2.8 ikilishwa gramu 36 itampiga yeyote, mzee kwa kijana. Jambo la pili ni kitako. Nyingi zilipimwa kwa mwenyewe wa kwanza: urefu wa kitako, kushuka kwake, na jinsi kilivyopindishwa kidogo kando ili jicho likae katikati ya mitutu. Kutumia ya mtu mwingine bila kupimwa ni sawa na kutembea na viatu vya jirani. Kitako kirefu mno hunasa kwapani, kifupi mno hukugonga pua kwa kidole gumba chako mwenyewe. Na anayefundishwa apewe katriji moja tu. Mitutu yote ikijazwa, kidole cha mwanafunzi kinaweza kuteleza kwa teke la kwanza na kugusa triga ya nyuma, zikatoka mbili kwa pamoja. Zikitoka pamoja kwa mtu mzoefu, hapo mashine ndiyo iliyochakaa, na isitumike tena hadi ifunguliwe na fundi.

Kitasa cha usalama kilicho juu ya shingo ya kitako hakistahili imani kinayopewa. Kwenye nyingi huzuia triga peke yake, si nyundo. Bunduki ikianguka kwa nguvu, nyundo inaweza kuachia. Kuvuka ua, mtaro au kupanda gari, bunduki iwe wazi na tupu. Uzuri wa aina hii ni kwamba ikiwa wazi kila mtu anaona, hata aliye mita 30 kutoka hapo: mitutu imeinama, mashimo mawili ni tupu, hakuna cha kujadili. Hilo ndilo huwatuliza wale wanaorudi nyuma hatua mbili. Kumwambia mtu "haina risasi" hakumtulizi. Muonyeshe mwanga unaopita.

Mjini mambo ni mengine. Tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate mnamo Septemba 2013 na lile la hoteli ya DusitD2 mnamo Januari 2019, mlinzi wa lango lolote la Nairobi ana sababu ya kushtuka akiona kitako cha mbao nyuma ya gari, na sioni haki ya kumnung'unikia. Bunduki hii ina neema ya kufunguka vipande vitatu na kuingia kwenye sanduku fupi lisilofanana na bunduki. Iende hivyo, katriji zikiwa mahali pengine, na safari iwe ya moja kwa moja kutoka kabati la nyumbani hadi uwanjani, bila kupitia dukani. Kwenye kizuizi cha polisi, sema kabla hujagusa kitu: "Afande, nina bunduki yenye cheti, iko kwenye sanduku nyuma, nasubiri amri yako." Atakapoiomba, kitakachochukua muda ni namba. Bunduki za zamani huwa na namba kwenye mkia wa kilinzi cha triga, na kwa kawaida pia kwenye mitutu na kwenye chuma cha kishikio cha mbele. Zote zifanane na cheti. Nyingine ziliuzwa mbili mbili kama pacha, zikaandikwa 1 na 2 kwa dhahabu, na namba zao zimefuatana. Ofisa asiyezijua anaweza kudhani ile 2 ndiyo namba. Muonyeshe kwa upole mahali pake. Na kama miaka iliyopita mitutu ya pacha hizo ilichanganywa, rekebisha kwa muuzaji mwenye leseni kabla hujakutana na afande yeyote.

Wazee wa upande wa Nyeri, Murang'a na Kiambu huitazama kwa macho ambayo kijana hana. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, kukutwa na silaha au risasi bila idhini lilikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alihukumiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi zake, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa ukutani kwa mlowezi huku msituni watu wakijitengenezea zao kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tairi. Mzee wa aina hiyo akikuuliza, hataki kusikia habari za nakshi. Huwa anauliza mashine inavyofunga, nani alikuwa nayo kwanza, na shamba gani. Mpe majibu ya kweli hata kama ni machungu. Usimkabidhi mkononi bila yeye kuomba, wala usimpige picha nayo. Nimejifunza kusikiliza wakati huo, kwa sababu wengine wao wanajua bunduki za bomba kwa undani ambao haupatikani popote, pamoja na kwa nini zilipasuka: bomba lenye mshono, baruti ya kukisia, na komeo lisiloziba nyuma.

Kundi linalokasirika zaidi ni la wapenda wanyama, na wengi wao ni vijana wa Nairobi. "Wewe ni jangili tu mwenye cheti." Hapa sheria isemwe bila kupindishwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, chama cha wawindaji wa kulipwa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934 kikavunjika mwaka huohuo, biashara ya nyara ikafungwa mwaka 1978, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja uwindaji wa burudani kuwa kosa. Anayekwambia kuna kichochoro cha kupita anakutafutia kesi. Ndani ya Kenya, bunduki hii kazi yake ya halali kwa burudani ni kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani uwanjani. Anayetaka kuwinda kanga na kwale huenda Tanzania, ambako uwindaji ulifungwa 1973 ukafunguliwa tena 1978, kwa leseni, kwa msimu, na kwa vibali vya silaha vya pande zote mbili vilivyokamilika kabla ya kufika mpakani Namanga. Mimi nakubaliana na kijana huyo kuhusu marufuku yetu zaidi ya anavyodhani. Nisichokubali ni kuchanganya silaha.

Maana watu wengi wakiona mitutu miwili husema hii ndiyo iliyomaliza ndovu. Ile ni raifo ya mitutu miwili, ndugu wa sura tu. Tazama mdomo: ya marisawa ina shimo pana la milimita 18.5, laini ndani, na ukuta mwembamba. Raifo ina shimo dogo lenye mifereji inayozunguka, ukuta mnene, na uzito wa karibu kilo 5. Ile ya .470 Nitro Express hutupa risasi moja ya gramu 32. Ya marisawa hutupa karibu uzito huohuo, ila umegawanyika katika chembe mia tatu hivi za namba 6, kila moja na kipenyo cha milimita 2.6. Baada ya mita 40 zimechoka kwa ndege, ingawa zinaweza kuanguka zaidi ya mita 200 mbele, na kwa sababu hiyo nyuma ya sahani za udongo pasiwe na nyumba wala njia ya mifugo. Wanyama wetu wengi wa nyama huuawa kwa mtego wa waya, usio na namba wala mlio. Kijana mwenye hasira njema akielekezwa kwenye waya, anaweza kufanya kazi kubwa.

Bei nayo huvuta watu. Wengine huiona takataka, wengine utajiri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuwa na bunduki ya namba 12 ya mitutu miwili aliyopewa na Ansley Fox, mtengenezaji bunduki wa Marekani. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Habari kama hiyo ikisambaa, kila familia yenye mitutu miwili hudhani imelalia hazina. Iliyolipiwa pale ni Roosevelt. Bunduki ya kawaida ya Birmingham isiyo na jina kubwa huuzwa kwa bei ndogo, na thamani yake huangushwa kabisa na mtu aliyeipeleka ikasuguliwe na kutiwa weusi mpya, kwa sababu jiwe la kusugulia hula mihuri ya majaribio na ncha za nakshi. Iache na uzee wake. Isugue kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ndani kwa brashi ya shaba na kitambaa hadi kitoke cheupe. Isilazwe ndani ya sanduku la ngozi wakati wa masika, kwani ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia. Kabatini iwekwe wima mdomo ukiwa chini, ili mafuta yasitiririke kwenye mbao za kitako. Mbao iliyolowa mafuta nyuma ya mwili wa chuma huwa nyeusi na laini, na hapo ndipo hupasukia.

Jambo la mwisho huulizwa na wajane na watoto: baba amekwenda, bunduki iko kabatini, kaka mkubwa anaitaka. Cheti kilikuwa cha marehemu, si cha nyumba, na hakirithiwi pamoja na shamba. Kukaa nayo bila idhini, hata kwa nia njema, ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Asiifungue mtu asiyeijua, kwa kuwa huenda ina katriji ndani. Wapige simu kituo cha polisi cha karibu, waombe ofisa aje aichukue, au muuzaji mwenye leseni aitunze kwa maandishi. Namba ya bunduki, idadi ya katriji na jina la aliyepokea viandikwe kwenye stakabadhi, nayo iwekwe pamoja na cheti cha kifo. Kaka akitaka, aombe cheti chake mwenyewe, na bunduki imngojee huko hadi kitoke.